Muulizie Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Ikifika Oktoba, shule za msingi za serikali hubandika tangazo la kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza, na barabarani mabango ya shule binafsi huongezeka: jengo la ghorofa, basi la njano, mtoto aliyevishwa joho la mahafali. Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitano au sita huanza kuuliza. Anauliza kazini, anauliza kwenye kikoba, anauliza hata msibani, na jibu analorudi nalo nyumbani huwa moja: mpeleke shule fulani, ile inafaulisha.

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka 18, katika shule mbili za serikali na moja binafsi, zote Dar es Salaam. Ombi langu la kwanza kwako mzazi ni hili: usimchagulie shule mtoto wa miaka sita kwa matokeo ya watoto wa miaka kumi na mitatu. Waliofaulu mwaka jana waliingia shuleni hapo miaka saba nyuma. Mwalimu aliyewashika mkono na kuwasikilizisha sauti ya herufi m pengine alishahamishiwa wilaya nyingine, au amestaafu. Anayemsubiri mwanao ni mtu mwingine, na huyo ndiye unayepaswa kumjua. Mtoto anayemaliza darasa la pili hajui kusoma hatafaidi sana mwalimu hodari wa hisabati aliyeko madarasa ya juu.

Kama bado unataka kuyatazama matokeo, yachimbe. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini matokeo ya kila shule yamo kwenye tovuti yake, ya upimaji wa darasa la nne na ya kumaliza elimu ya msingi. Chukua shule unayoitamani. Hesabu waliofanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2022, kisha hesabu waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2025. Ni kundi lilelile. Wakipungua watatu au wanne, wazazi wamehama, ndiyo maisha. Walikuwa 80 wakabaki 55? Uliza wale 25 wamekwenda wapi. Zipo shule zinazowarudisha darasa watoto wazito, au kumwita mzazi faragha na kumshauri atafute shule nyingine kabla mtihani haujafika. Wastani unapanda, bango linapakwa rangi upya, na hakuna aliyefundishwa zaidi.

Jua pia kwamba mtoto anayeanza sasa hatafika darasa la saba. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Shule inayokueleza mipango yake ya miaka saba kwa mtoto wa darasa la kwanza haijafuatilia mambo.

Sasa nenda shuleni. Wazazi wengi hawaendi. Hulipia fomu, hununua sare, na siku ya kwanza ya masomo, Januari, ndiyo huona darasa. Wewe nenda mapema, siku ya kazi ya kawaida, si siku ya mahafali wala ya kikao cha wazazi. Fika kama saa tatu na nusu ili uone kipindi kimoja na mapumziko ya saa nne. Saini kitabu cha wageni, msalimie mwalimu mkuu, mweleze kwamba unatafuta nafasi ya mtoto, kisha omba kuonyeshwa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu akikuongoza mwenyewe hadi mlangoni, na watoto wakamwamkia bila kushtuka, amekujibu mengi kabla hujauliza. Ukizungushwa kwenye chumba cha kompyuta na bwawa la kuogelea, halafu ukaambiwa darasa la kwanza leo haliingiliki, rudi siku nyingine uombe tena.

Ukiwa mlangoni, hesabu vichwa. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa chumba kimoja, 25 kwa darasa la awali, na watatu kwa dawati. Mjini kiwango hicho ni adimu. Mbagala, Gongo la Mboto au Chanika unaweza kukuta darasa lina watoto zaidi ya mia, wengine wako sakafuni, na shule inasoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Najua mzazi anavyoishiwa nguvu akiona hivyo. Mwaka mmoja nilikabidhiwa watoto 112 peke yangu, nami niliishiwa nguvu. Lakini nilichojifunza mwaka ule ndicho ninachotaka ukitazame: mwalimu amewagawaje? Kuna mwalimu anayesimama ubaoni kwa fimbo, darasa zima linaitikia kwa sauti moja "ba, be, bi, bo, bu", na kwa masikio ya mgeni hapo pamesomwa. Sogea ukamtazame mtoto wa dawati la nyuma. Anachezesha midomo tu. Macho yake hayapo ubaoni, yako dirishani. Anaweza kuitikia hivyo miaka miwili bila kuijua silabi moja. Na kuna mwalimu mwenye watoto wale wale mia ambaye kundi hili amelipa vizibo vya soda lihesabu, lile linachora herufi mchangani nje ya mlango, na yeye amechutama katikati ya kumi akiwasikiliza mmoja mmoja. Chumba kina kelele. Usiogope kelele hiyo.

Omba madaftari matatu, si yale ambayo mwalimu anakuchagulia. Chukua la mbele, la kati na la nyuma. Tazama tarehe: wanaandika kila siku au mara mbili kwa wiki? Tazama wino mwekundu. Daftari lililojaa alama za vema wakati herufi zimegeuka kichwa chini ni daftari lisilosomwa. Mahali mtoto alipokosea, je, mwalimu ameandika mfano ulio sahihi ili aurudie? Kisha inua macho ukutani. Chati za herufi zilizochorwa kwa mkono kwenye viroba vya unga, zenye picha ya embe, kuku, ndoo, zinanifurahisha kuliko karatasi za kiwandani zinazong'aa zikiwa zimebandikwa juu mno, mtoto asikofikisha macho.

Muulize mwalimu mkuu swali hili moja: huyu mwalimu wa darasa la kwanza ulimpataje? Katika baadhi ya shule darasa hilo hupewa mwalimu mgeni asiyeweza kukataa, au aliyechoka anayesubiri kustaafu. Shule zinazojua kazi huwapa watoto wadogo mwalimu wao bora, hupigania asihamishwe, na mwalimu mkuu hukutajia jina lake kwa fahari.

Kabla hujaondoka, ingia chooni. Usione haya. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini zaidi ya hesabu hiyo tazama kama mlango una komeo, kama maji yapo, na kama tundu si kubwa kiasi cha kumtisha mtoto mdogo. Mtoto anayeogopa choo hanywi maji tangu asubuhi, na ifikapo saa tano hasikii unachosema.

Uliza pia kuhusu viboko, bila kuzunguka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkabidhi ruhusa kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kwa maoni yangu mtoto wa darasa la kwanza hana kosa linalostahili kiboko, na sijawahi kumwona aliyejifunza kusoma kwa kupigwa. Niliowaona walijifunza kunyamaza. Kama kila mwalimu anatembea na fimbo mkononi, huhitaji kuuliza kitabu.

Sasa ubishi wa kila mwaka: Kayumba, yaani shule ya kawaida ya serikali, au mchepuo wa Kiingereza? Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi. Michango mingine, kama ya uji au ya mlinzi, hupangwa na wazazi kwenye kikao; nenda kwenye kikao hicho na udai risiti, lakini usiubeze uji. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili na chai ya rangi hana nguvu ya kushika penseli saa sita mchana. Ningekuwa na kura moja tu kwenye kikao, ningeipigia uji.

Kwa shule binafsi, omba orodha ya malipo ya mwaka mzima kwa maandishi: ada, basi, chakula, vitabu, mitihani, mahafali, sweta la shule linalouzwa hapo hapo tu. Gawa kwa miezi kumi na miwili na ujiulize kama utaweza mwaka wa tatu, kazi ikiyumba. Kumhamisha mtoto katikati ya darasa la pili kwa kukosa ada kunamrudisha nyuma kuliko kama angeanzia Kayumba. Uliza namba ya usajili. Ya shule ya msingi huanza na herufi EM. Na kama unafikiria bweni, Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2023 umezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mtoto wa miaka sita anapaswa kulala anaposikia sauti ya mama, baba au bibi yake.

Kuhusu lugha nitasema ninavyoamini. Kama nyumbani mnazungumza Kiswahili, na shule ya Kiingereza unayoimudu ni ile ambayo walimu wenyewe wanakitafuta Kiingereza kwa tochi, mwanao atajifunza zaidi kwa Kiswahili mbele ya mwalimu mzuri. Kusoma hujifunzwa mara moja. Anayejua kwamba alama hizi zinatoa sauti, na sauti zinafanya neno analolijua, ataubeba ujuzi huo hadi lugha ya pili. Asiyelielewa neno lenyewe hukariri tu umbo lake. Ipo shule nzuri ya mchepuo wa Kiingereza, nami nimefundisha katika moja: mwalimu anazijua lugha zote mbili barabara, na mtoto akikwama anaruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili. Serikali nayo inazo za namna hiyo, kama Olympio na Diamond za Upanga, na nafasi zake hugombewa. Ninayokuomba uikimbie ni ile inayomvika mtoto kibao shingoni kwa sababu amezungumza lugha ya mama yake. Kwa ninyi mlioko vijijini, ambako mtoto anakua kwa Kisukuma, Kihehe au Kimaasai, Kiswahili chenyewe ndiyo lugha ya pili. Mchezesheni kwa Kiswahili miezi michache kabla, mumsimulie, mumtume dukani, asije akakaa darasani wiki nzima kama mgeni ugenini.

Halafu njia. Hapa wazazi wa mjini wanawaumiza watoto bila kukusudia. Mtoto wa Kibamba anayesoma Masaki huamshwa saa kumi na nusu alfajiri, hupanda basi saa kumi na moja, hulala kwenye kiti, na hushushwa jioni giza likiingia. Amesoma lini, amecheza lini? Shule ya wastani iliyo mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, ambayo unaweza kuingia ukirudi sokoni, naipa nafasi kubwa kuliko shule ya sifa iliyo ng'ambo ya jiji. Itembee njia hiyo na mtoto mara tatu nne: mnavuka barabara wapi, mtaro unafurika mvua ikinyesha? Akipanda daladala nauli yake ni shilingi 200, na makonda wengi humkwepa kwa sababu hiyo, hivyo usimwachie mtoto mdogo vita hiyo peke yake. Bodaboda ya mishikaki, watoto wanne nyuma ya dereva mmoja, ikatae hata kama majirani wote wanaitumia. Kwa basi la shule, taka kumwona dereva na mhudumu, na uulize nani anahakikisha kila asubuhi kwamba hakuna mtoto aliyeachwa amelala kiti cha nyuma. Mei 2017 huko Karatu basi dogo la shule lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Baada ya hapo hakuna swali la usafiri lililo dogo.

Ukishaamua, tafuta cheti cha kuzaliwa mapema. Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali si cheti. Lipeleke RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kabla foleni ya Desemba haijaanza. Hakikisha jina la kwenye cheti ndilo litakaloandikwa shuleni, kwa sababu ndilo litakaloingia kwenye mfumo wa PREM wa NECTA na kumfuata mtoto hadi kwenye vyeti vyake vyote. Kurekebisha herufi moja baadaye ni safari nyingi.

Na jina hilo mfundishe mwenyewe. Kila Januari nilikuwa na watoto watano sita ambao nikiita jina hawaitiki. Nikidhani wametoroka, kumbe wamekaa mbele yangu. Nyumbani huyu anaitwa Babu kwa sababu ana jina la babu yake, yule ni Junia, yule ni Mamu, na jina lao la cheti hawajawahi kulisikia. Mtoto ambaye jina lake halimgusi hujiona hahusiki. Kuanzia Novemba muite kwa jina lake kamili, la kwake, la baba na la ukoo, mara kadhaa kwa siku, naye ajibu "Nipo, mwalimu."

Usimkimbize na alfabeti. Akijua kuandika jina lake ni vizuri, asipojua ni kazi yangu. Ninachokihitaji ni mtoto anayeweza kufungua vifungo vya kaptula mwenyewe, haraka. Anayejua kiatu cha kulia na cha kushoto. Anayeweza kufungua kopo lake la chakula na kulifunga tena. Anayeweza kuchutama kwenye choo cha shimo, kama nyumbani mnacho cha kukaa, na kunawa bila kukumbushwa. Anayeweza kusema mbele ya mtu mzima asiyemjua, "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni." Sentensi hiyo ifanyieni mazoezi kama mchezo, wewe uwe mwalimu. Watoto wengi hujikojolea wiki ya kwanza kwa kukosa maneno tu, na aibu ile hawaisahau.

Vidole navyo vinahitaji mafunzo, na jiko lako lina vifaa vyote. Mpe achambue mchele, apukuchue mahindi, amenye karanga, akamue nguo ndogo, asuke kamba ya mgomba. Mkono uliofanya hayo hushika penseli bila kuikaba. Masikio yafundishe kwa vitendawili na hadithi usiku. Mtoto anayesikiliza sungura na fisi hadi mwisho ataweza kusikiliza somo la dakika thelathini. Chezeni mchezo wa sauti: neno gani jingine linaanza kama maji? Maziwa, mama, macho. Hesabu afanyie gengeni: mpe shilingi mia tano, anunue nyanya, azihesabu mwenyewe anapopokea chenji. Michezo hii haigharimu kitu, na ni nusu ya mtaala wa darasa la kwanza.

Mpime macho na masikio. Mwite kwa sauti ndogo ukiwa nyuma yake. Mwonyeshe ndege aliye mbali mtini. Nimewahi kumweka mtoto nyuma ya darasa miezi mitatu nikimwona mvivu, kumbe haoni ubao, na bado naumia nikimkumbuka. Ukiona tatizo, mwambie mwalimu siku ya kwanza, usilifiche kwa kuogopa nafasi. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa, na zipo shule zenye walimu waliosomea kazi hiyo, kama Uhuru Mchanganyiko na Buguruni Viziwi hapa Dar es Salaam.

Mfundishe pia kwamba mwili wake ni wake, na kwamba siri yoyote anayoambiwa asikusimulie wewe ndiyo hasa akusimulie, hata kama aliyemwambia ni mwalimu, dereva au kaka mkubwa.

Asubuhi yenyewe ya Januari, mpe uji ashibe, vaeni mapema, msitoke mbio. Mlangoni mwonyeshe mahali utakaposimama kumchukua: chini ya mwarobaini ule, si "hapo nje". Muage mara moja, ondoka ukiwa unaonekana. Usichomoke akigeuka, maana siku ya pili atakung'ang'ania zaidi. Akilia, mwachie mwalimu. Wengi hunyamaza kabla hujafika kituoni. Na huo mwarobaini uufikie kabla ya kengele ya mwisho, kwani dakika kumi za kuchelewa kwako, kwake ni saa nzima.

Jioni usianze na "umejifunza nini leo?" Hana jibu la swali hilo, atasema "hakuna" na wewe utapata hofu. Muulize amekaa na nani. Muulize jina la jirani yake wa dawati, na waligawana nini saa nne. Jumatatu hatajua, Jumanne atasema "kijana mmoja hivi", Jumatano huenda akakutajia jina. Ikifika Ijumaa ya wiki ya pili na bado hana hata jina moja la kukutajia, Jumatatu nenda kamwone mwalimu wake, mtafute mapema kabla ya kwenda mstarini, umweleze hivyo hivyo.